Leokadia Hafi Ukurasa wa Mwisho

Edina,

Miezi miwili iliyopita nilibishana na mtu mzima ofisini kwake, huku nimekalia kiti chake na chai yake nimeshaimaliza. Najua ungecheka mpaka ujishike mbavu. Si wewe uliyekuwa unanisema kila siku, "Yusta, mdomo wako unafanya kazi bwenini tu, ukifika mbele za watu unakuwa bubu"? Basi siku ile sikuwa bubu. Jasho lilinitoka katika baridi ile ile ya Njombe unayoijua, lakini nilisema. Nimekuja kukuhadithia mwenyewe.

Walitaka kumuua Leokadia.

Tulia kwanza, usinikatize. Naanza mwanzo, maana tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari, na yapo mambo huyajui.

Matokeo yalitoka. Mimi nimefaulu kwa kuchechemea, wewe umewapita wote darasani. Jina lako lilibandikwa ubaoni pamoja na ya wenzio, na mimi nilisimama mbele yake nikalia mpaka mlinzi wa shule akaniletea kiti. Halafu nikakasirika. Bado nimekasirika, kusema kweli. Watu wananiambia nitapoa, nami nawaitikia ndiyo, lakini sijui hiyo siku ya kupoa itakuja lini.

Sasa hivi nafanya kazi steshenari hapa Makambako, si mbali na stendi. Natoa kopi, nataipu barua za kuomba kazi, nabana mitihani ya shule za msingi kwa stepla. Bosi wangu ni Mama Anjela, ana roho nzuri ila mdomo sasa! Asubuhi nzima anagombana na mashine ya kopi, anaitukana kabisa, na mchana anaibembeleza. Mama yangu bado anauza viazi kandokando ya barabara kuu, na bado anajisahau ananiuliza, "Edina hajambo huko?" Kisha anajishika mdomo, anaanza kupanga viazi upya.

Kwenye kompyuta ya Mama Anjela ndipo nilipolitaipu daftari lako. Lote. Kila jioni baada ya wateja kupungua, ukurasa mmoja, mara nyingine mitatu. Ile kaunta buku ina harufu ya majarini hadi leo, kwa sababu ya lile kopo lako.

Unakumbuka kopo? Kidato cha pili, kitanda chako juu, changu chini. Kila saa moja jioni, kengele ya kwenda prepu ikigonga, nasikia kopo la majarini linafunguliwa juu yangu, kisha maji yanashuka kooni, gulp. Nilidhani unakula majarini kwa siri, mchoyo mkubwa. Nikakuvizia siku moja nikapanda ghafla, "Nipe na mimi!" Hukuficha kopo. Ukasema, "Haya, onja basi," ukanionyesha vidonge. Nilivyoganda pale ukanishangaa mimi badala ya mimi kukushangaa wewe.

Ulinieleza yote kwa dakika tano, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Umezaliwa nayo, VVU. Mama yako alifariki ungali mdogo sana, bibi yako kule Tandala amekulea kwa maziwa na kwa dawa. Bibi hana saa, ila alinunua redio kwa ajili yako, ili taarifa ya saa moja ikianza tu anakuita popote ulipo, hata kama uko shambani, hata kama uko kwa watu. Ukaniambia virusi vyako vimelala usingizi, daktari akipima havionekani hata kwenye kipimo. "Nitazeeka mimi," ukasema. "Nitazeeka mpaka mnichoke." Nikakuuliza swali la kijinga kama naweza kunywea kikombe chako, ukanimwagia maji yaliyobaki kichwani. Toka siku ile ndio tukawa marafiki.

Basi tukaja kwenye kabati la vitabu. Lile kabati la ofisi ya madamu wa unasihi, lililojaa vijitabu vyenye jalada la kung'aa vya kuwafundisha vijana. Wewe ulivisoma vyote, mwenzangu, hakuna aliyekulazimisha. Ukitoka na kimoja unasoma kwanza ukurasa wa mwisho. Nilikuuliza kwa nini unaharibu utamu, ukaniambia, "Nataka kujua wamemuua ukurasa wa ngapi." Na kweli wamemuua! Kila kitabu. Msichana anapenda starehe, anampata mwanaume mwenye gari, anakohoa, anakonda, anajifunika shuka, anaomba msamaha kwa mama, anakufa, na chini yake wameweka maswali ya majadiliano. Redioni mambo ni yale yale, wimbo mzima binti anafokewa. Tamthilia za kwenye runinga ndio usiseme, wanampaka unga usoni aonekane mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa nayo. Hakuna hata mmoja anayemeza dawa akaenda kucheza netiboli. Siku moja ulirusha kijitabu ukutani mbele ya bweni zima. "Jamani, hawa waandishi hawajawahi kumwona mtu anayeishi?" Bwenini mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini umekasirika hivyo.

Dawa ya hasira yako ilipatikana hapa hapa Makambako, likizo ya mwezi wa sita ulipokuja kwetu. Nilikupeleka banda la video mchana kweupe, kwenye benchi lile la mbele lenye msumari. Sinema ya watu wa Asia, binti anaumwa, mchumba analia, na yule kaka wa kutafsiri anaongea juu yake kwa Kiswahili chake cha kujitungia. Binti akafumba macho, mashine ya hospitali ikaandika mstari mnyoofu, wamama waliokuja na ndoo zao za mandazi wakaanza kulia kwa sauti. Nadhani yule kaka aliwaonea huruma. Akasema ndani ya maiki, "Hajafa huyu, wapendwa, amezimia tu. Kesho anaamka anakunywa uji." Na pale pale sinema ikaisha! Watu wakafuta machozi, wakabeba ndoo zao, wakatoka wameridhika kabisa. Wewe ulicheka mpaka ukaanguka kwenye benchi. Tukarudi barabarani kwa mama. Halafu ukasimama katikati ya viazi vya mama ukaniambia, "Yusta, kumbe mwenye maiki ndiye anayeamua."

Tuliporudi shule ulinunua kaunta buku.

Leokadia. Hebu niambie, Mlutheri mzima wa Tandala unamwita shujaa wako Leokadia kwa nini? Ulinijibu eti ili watakaokamata daftari wawasumbue Wakatoliki kwanza. Mjinga wewe. Lakini nilimpenda kutoka ukurasa wa kwanza. Leokadia mwenye mdomo mchafu, anayesuka nywele za bweni zima, anayeogopa hesabu, anayempenda kijana wa kwaya asiyejua kuimba. Na kila sura, lazima mahali fulani, ilikuwa saa moja na Leokadia anameza. Hukueleza kwa nini mpaka sura ya nne. Wasichana walisoma sura tatu wanafikiri ni vitamini, wakampenda, na walipojua walikuwa wameshampenda, hawakuwa na jinsi.

Na kurasa zile za nyuma! Ile sheria yako, kwamba anayesoma halipi kitu ila lazima aache swali nyuma ya daftari, bila jina. Daftari lilitembea kitanda kwa kitanda, lilijificha kwenye magunia ya maharage ya jikoni, liliwahi kulala ndani ya mto wa kiranja mkuu mwenyewe. Likirudi limejaa. Nikichelewa kuziona siku zangu ni lazima iwe mimba? Baba anataka niache shule nikalee mtoto wa dada, nifanyeje? Mbona mimi sipendi mvulana yeyote, ni ugonjwa? Ulikuwa hujibu pale. Ulikuwa unayafanya yampate Leokadia, sura inayofuata, na msomaji anakaa anasubiri aone Leokadia atatokaje.

Lile swali la penseli ndilo lililokunyima usingizi. Mjomba ananishika, nimwambie nani. Uliuliza kwa madamu wa unasihi kwa kuzunguka, eti ni la kwenye hadithi, akakueleza hatua kwa hatua. Wiki nzima uliandika na kufuta. Ukampa Leokadia mjomba, ukampeleka Leokadia kwa madamu, na ukaandika neno kwa neno namna ya kuanza kusema, kwa sababu kuanza ndiko kunakoshinda watu. Haikupita muda mrefu, mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikwenda mwenyewe ofisini kwa madamu, na likizo ile hakurudishwa kwa mjomba. Hatukuwahi kuambiana lolote kuhusu hilo. Ulinifinya mkono tu pale mstarini, kwa nguvu, nikapiga kelele nikaadhibiwa mimi.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Asubuhi ile, mitihani tumeshamaliza, ulikuwa unakuja kwangu. Ulilala kwa mama yako mdogo, ukapanda bodaboda kutokea barabara kuu, ukungu umetanda mpaka mtu haoni mkono wake, na kwenye kona lile lori la mbao. Ulikuwa unaleta daftari tumalizie sura ya mwisho pamoja. Mimi ndiye niliyekusumbua kwa simu, "Lete, lete, unanichelewesha." Dereva wa bodaboda alivunjika mguu. Wewe, Edina. Wewe ulikufa pale pale, na begi lako likafunguka barabarani, na watu waliokuja kusaidia wakaokota kopo, daftari na kadi ya kliniki.

Waliona kadi wakasahau lori. Haki ya Mungu, ndivyo ilivyokuwa. Mpaka mwili unafika Tandala habari ilikuwa imeshageuka. "Kumbe alikuwa amekanyaga miwaya." Yaani eti ukimwi ndio uliokuua. Mimi niliyasikia jikoni, kwa wanawake wanaomenya viazi vya msiba wako, nikaendelea kumenya.

Na kuna jambo hukuliona, au labda uliliona. Wasifu wako niliusoma mimi. Walisema rafiki wa shule asome, ndivyo inavyopendeza. Mzee mmoja wa ukoo akaniwekea karatasi mkononi jeneza limeshaletwa uwanjani. Karatasi yenyewe ameinakili ilivyo kwenye misiba yote ya pale, amebadili jina na tarehe tu. Nikasoma umezaliwa, nikasoma ubatizo, nikasoma shule, nikafika kwenye mstari ule. "Marehemu aliugua kwa muda mrefu, akapatiwa matibabu katika hospitali mbalimbali, hadi umauti ulipomfika." Nilimwona bibi yako mbele, koti lake la sufu limelowa mvua, ananitazama. Maneno yalikuwa ya uongo, nilijua ni ya uongo, na yule aliyeyaandika hakukusudia ubaya wowote, ni mazoea tu. Nikayasoma. Kwa sauti nzuri, yenye kusikika, kama tulivyofundishwa. Watu wakatikisa vichwa. Kisha akasimama msemaji mwingine akasema, "Vijana mmesikia. Jifunzeni." Wakakufanya ukurasa wa mwisho wa kijitabu, Edina, na mimi ndiye niliyewasomea.

Sijawahi kujisamehe. Nakuambia sasa ili usikie kwangu.

Ndiyo maana nililitaipu daftari. Nilifikiri likichapwa vizuri, likiingia kwenye makabati ya shule, nitakuwa nimelipa deni la ulimi wangu. Nikalipeleka kwa watu wa mradi mmoja wanaotoa vitabu vya vijana. Wakapiga simu! Wamelipenda, wanataka kulitoa kwa shule nyingi, twende Njombe mimi na mtu wa familia tukasaini. Nilipiga kelele steshenari, Mama Anjela akadhani mashine imenipiga shoti.

Bibi yako alishuka kutoka Tandala kwa gari la asubuhi, na koti lile lile, na mabuti ya mvua, na kikapu cha peasi za kuwapa hao watu. Tulikaribishwa vizuri sana, sitaki kusema uongo. Mratibu ni mama mpole, alimwamkia bibi shikamoo mara mbili, akatuletea chai ya maziwa na chapati. Ofisi ilikuwa na mabango ukutani. Bango lililokuwa mbele yangu lilikuwa na binti aliyekonda, amejifunika shuka.

"Hadithi ni nzuri mno, binti," akaanza. "Marehemu alikuwa na kipaji. Ila tumeirekebisha kidogo ili iwe na fundisho." Akasogeza karatasi. Nikazisoma chapati iko mdomoni. Yule mjomba wamemtoa, eti anachafua sura ya familia. Yule binti asiyependa wavulana hayumo. Maswali ya nyuma yameondolewa yote, yamewekwa ya kwao ya majadiliano. Na sura ya mwisho, ile uliyokuwa unaileta tuimalizie, wameiandika wao. Leokadia anaacha shule, anakohoa, anamwomba mama yake msamaha. Msamaha wa nini? Amezaliwa nayo! Halafu anakufa.

Nikauliza kwa nini. Sauti ilitoka ndogo. Mratibu akanieleza taratibu kwamba vijana wasipoogopa hawasikii, na kwamba hata hivyo, kwa heshima zote, mwandishi mwenyewe tunajua yaliyompata. Alikuwa amesoma wasifu wako. Nilikuwa nimeambatanisha mwenyewe, Edina, ile karatasi, kwenye sehemu ya "kuhusu mwandishi", kwa sababu waliomba na sikuwa na nyingine. Nilitamani sakafu inimeze.

Akanipa kalamu. Na nikaishika. Nakuambia ukweli wote, niliishika. Nilifikiri jina lako kwenye jalada. Nilifikiri bora nusu yako ifike shuleni kuliko usifike kabisa. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Bibi yako hajui kusoma haraka, na Kiswahili cha ofisini kinampita pembeni, alikuwa ananiuliza kwa Kikinga cha polepole kila kitu ninachosoma. Akauliza, "Huyo mtoto wa kwenye kitabu anakufa na nini?" Nikamtafsiria mratibu, naye akamjibu kwa upole, "Kwa ugonjwa, bibi. Kama alivyokufa marehemu."

Bibi akaweka kikombe chini. Akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "Mwanangu, mjukuu wangu aligongwa na lori."

Mratibu akafungua mdomo. Bibi alikuwa hajamaliza. "Mimi sijui kusoma saa. Nilinunua redio. Tangu mtoto yule hajaota meno yote nimempa dawa redio ikisema saa moja, sijakosa, mvua, msiba, mavuno, sijakosa. Alikua. Alininyanyulia gunia. Leo mnataka kuandika kwamba dawa yangu haikufanya kazi? Walisema hivyo kule nyumbani nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na jeneza mbele yangu. Hapa sina jeneza."

Mimi huko kunyamaza kwake nilikuwa nimekuona kama kukubali. Kumbe siku ile alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Basi ndipo mdomo ulipofunguka, mwenzangu. Nilisimama. Nikasema mama, sisi tumeogopeshwa tangu darasa la tano. Tumeogopeshwa na vitabu, na nyimbo, na hayo mabango, na aliyezaliwa nayo akisoma hivyo vitabu vyenu anajua kitu kimoja tu, kwamba yeye ni maiti anayechelewa, sasa kwa nini ajisumbue kumeza? Nikasema wasichana wetu walisoma daftari hili bila kuogopa na wakauliza maswali ambayo nyinyi hamjawahi kuulizwa, kwa sababu nani atamuuliza mtu anayemtishia? Nikasema wasifu ule ni wa uongo na mimi ndiye niliyeusoma, na sitausoma mara ya pili. Nilikuwa napayuka mpaka watu wa chumba cha pili walichungulia. Nikaikata ile herufi yangu kwa mistari mingi. Mratibu machozi yalimlengalenga, nakiri, akasema maamuzi si yake peke yake, ila bila fundisho hawataweza. Nikamwambia haya bwana, asante kwa chai. Bibi akamwachia peasi.

Hatukupata kitabu. Nilisimama pale nje kwenye manyunyu nikaona ujinga wangu wote. Nikamwambia bibi nisamehe, nimeharibu. Akanishika sikio, kweli, akalivuta kama la mtoto, akasema, "Wewe si una mashine huko Makambako?"

Mashine! Nilirudi nikamweleza Mama Anjela kila kitu, nikitegemea anifukuze. Akaniuliza kama Leokadia anaolewa na yule kijana wa kwaya. Nikamwambia sijui, hukufika huko. Akaguna, akaenda akaibembeleza mashine. Tangu siku ile karatasi za jioni, zile zilizoharibika upande mmoja, ni zako. Natoa, nakunja, nabana. Jalada nimechora mwenyewe, Leokadia anasuka mtu nywele, vidole vimetoka kama karoti, utanisamehe. Mjomba yumo. Yule binti yumo. Na kurasa tatu za mwisho nimeziacha tupu, na juu yake nimeandika sheria yako.

Sura ya mwisho nimeigusa kidogo tu, usinipige. Ulikuwa umeachia njiani, "Leokadia akatazama saa ya ukutani, ilikuwa", na pale wino umeishia. Niliongeza: "saa moja. Akameza, akaendelea kusuka." Basi. Sikuthubutu zaidi, na sikuona kinachopungua.

Nakala za kwanza bibi alizibeba ndani ya kikapu cha peasi. Nyingine zimepanda Matamba kwa dada mmoja anayeuza nguo kwenye minada, na nyingine zimeingia bwenini kwetu, usiniulize kwa njia gani, magunia ya maharage bado yanakwenda.

Na leo imerudi moja. Kondakta ameniletea imefungwa kwa gazeti. Imechakaa vizuri, ina alama za vidole vya mafuta, mtu amempaka Leokadia rangi ya mdomo. Nyuma kuna maswali saba. Sita nitayafanyia kazi, nimeshaanza kuuliza kwa watu wanaojua kama ulivyokuwa unafanya, na Leokadia atapatwa na mambo, maskini. Lakini la saba si la Leokadia. Limeandikwa kwa penseli, herufi ndogo, pembeni kabisa ya karatasi.

"Aliyeandika hii yuko hai? Kama alikufa, alikufa na nini? Nauliza kwa sababu na mimi nameza saa moja."

Nimelisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Nimempigia bibi kupitia jirani yake kuomba ruhusa. Akasema, "Andika. Andika na mbao zilizokuwa ndani ya lori." Basi nimeandika chini ya swali, kwa kalamu ya wino, na kuanzia kesho maneno haya yatakuwa ndani ya kila nakala nitakayotoa, mahali pa wasifu wa mwandishi:

"Mdogo wangu, aliyeandika hadithi hii aliitwa Edina. Alizaliwa nayo. Hakuugua kwa muda mrefu. Alinyanyua magunia, alicheza netiboli, alifaulu kuliko darasa zima. Aligongwa na lori la mbao kwenye ukungu, asubuhi, akiwa njiani kwenda kwa rafiki yake. Jana yake saa moja jioni alimeza dawa mbele ya mama yake mdogo, na kopo lake lilikutwa lina vidonge vya mwezi mzima, kwa sababu alikusudia kuishi. Meza na wewe."

Haya, Edina. Mama Anjela anafunga mlango na mimi bado nina kurasa za kubana. Sitakuambia ulale salama, hukuwahi kupenda kulala mapema. Nenda popote unapokwenda ukiwa na mdomo wako. Huku mimi nakuahidi hivi: nikipewa tena karatasi ya uongo mbele za watu, hata kama jeneza liko mbele, naikunja naiweka mfukoni, na nasema ninachokijua.

Rafiki yako wa kitanda cha chini,
Yusta